Uvimbe Mkubwa na Tiba ya Mionzi



Jioni moja ya mwezi wa Rajabu, tulipokwisha sali Alasiri na watoto wa chuo wakawa wanakunja mikeka, alinijia mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja hapa Pasiansi, akanishika mkono akanivuta hata penye lile jiwe kubwa lililo nyuma ya chuo chetu. Akasema, "Maalim, nina jambo la nyumbani, nami nimeona haya kulisema mbele ya watu. Ni mama."

Mama yake namjua. Ni bibi aliyeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba kwa miaka mingi, mwenye sauti na mwenye heshima zake. Nalikuwa nimesikia kwamba siku hizi husali juu ya kiti, nami nikadhani ni utu uzima. Kumbe sivyo. Pajani mwake palikuwa na donge, nalo lilianza kadiri ya punje ya mahindi, likakua likawa kama balungi, hata asiweze tena kukunja mguu kwa kukaa tahiyatu. Miaka miwili alilificha ndani ya kanga. Wa kwanza kuambiwa alikuwa mganga mmoja wa mbali, aliyemchanja chale na kumpa majani ya kujifusha. Wa pili ni bintiye. Na wanawe wa kiume walijua mwisho kabisa, siku uvimbe ulipopasuka ukatoa damu.

Sasa wana walikuwa wamegawanyika. Mkubwa alisema apelekwe Bugando siku ile ile. Wa pili akasema hospitali watamchoma moto wa umeme na atakufa kabla ya wakati wake. Na wa tatu, aliye na shemeji yake Maskati, alikuwa amepelekewa khabari kwa simu kwamba huko duniani kumetoka mionzi ya "chekeche" inayoyeyusha uvimbe mkubwa kwa siku moja, basi yeye akataka ng'ombe wauzwe mama asafirishwe. Yule bwana akaniuliza, "Maalim, katika haya ukweli ni upi?"

Mimi si tabibu. Elimu yangu ni ya chuo cha Kurani na madarasa ya shule ya msingi. Lakini nilimwomba siku chache, nikasoma nilivyoweza, nikawauliza wenye kujua, kisha nikafuatana nao hospitali. Niliyoyapata nayaandika hapa, kwani katika nyumba zetu nyingi liko donge lililofichwa ndani ya kanga.

Yafaa kwanza tuelewe ukubwa ni nini, maana macho hudanganya. Uvimbe wenye upana wa sentimita 1 una chembe hai zipatazo bilioni moja. Mtu akiambiwa uvimbe wake sasa una sentimita 10, hudhani umezidi mara kumi. La, hasha! Umeongezeka mara kumi kwa urefu, mara kumi kwa upana, na mara kumi kwa kina. Yaani umekuwa mara 1,000. Kazi ambayo dawa ingeifanya juu ya bilioni moja, sasa lazima ifanywe juu ya bilioni elfu. Na chembe moja tu ya saratani iliyosalia yaweza kuota tena, kama magugu-maji ya ziwani petu ambayo ukiacha kipande kimoja ghubani, msimu ujao mitumbwi haipiti.

Tena liko jambo jingine lililojificha. Uvimbe ukikua upesi, mishipa ya damu haiwahi kuufuata hata katikati. Kule ndani chembe hukosa hewa. Nyingine hufa zikaoza, na nyingine hukaa hali ya kusinzia, zi hai bali hazina hewa. Mwingereza Louis Harold Gray na wenzake walieleza mwaka 1953 kwamba chembe iliyokosa hewa ni sugu kwa mionzi. Yataka kipimo kikubwa mara mbili na nusu hata mara tatu ili iuawe sawa na ile iliyo na hewa. Jina la huyo bwana ndilo lililopewa kipimo cha mionzi, grei. Basi uvimbe mkubwa una ngome mbili: wingi wa askari wake, na wale waliojichimbia katikati wasiofikiwa kwa urahisi.

Na mionzi yenyewe? Mjerumani Wilhelm Conrad Röntgen aliigundua miale ya eksirei mwaka 1895, na haikupita miaka mingi matabibu wakaanza kuielekeza kwenye saratani. Mionzi haiui kwa joto kama makaa yauavyo. Hupita ndani ya chembe ikakata nyuzi zile za asili ambazo kwazo chembe huzaliana. Chembe nzima ya mwili, iliyokatwa kidogo, hupata nafasi ya kujitengeneza mpaka kesho. Ya saratani haina ustadi huo sana. Kwa sababu hiyo tiba ya kawaida hugawanywa: grei 2 kwa siku, siku tano kwa juma, hata kufika grei 60 au 70 baada ya majuma sita au saba. Anayelalamika kwamba madaktari wanamzungusha kila siku na ajue kwamba huko kumzungusha ndiko kunakouokoa mwili wake.

Sasa nije kwenye hilo chekeche, maana yule kijana hakudanganywa kabisa, ila aliambiwa nusu.

Mashine za kwanza za eksirei zilikuwa dhaifu. Nguvu zake nyingi ziliishia juu ya ngozi, na mgonjwa aliyekuwa na uvimbe wa ndani alibabuka kwa nje kabla dawa haijafika palipokusudiwa. Mwaka 1909 tabibu mmoja wa Ujerumani, Alban Köhler wa mji wa Wiesbaden, alifikiri shauri ambalo mama yeyote apepetaye unga angelielewa mara moja. Alichukua kimia cha waya wa chuma akakibana juu ya ngozi, akapitisha mionzi mingi kwa mara moja. Palipokuwa na tundu mionzi ilipita. Palipokuwa na waya ilizuiwa. Ngozi ikaungua kwa nukta nukta, na zile sehemu zilizofunikwa, zikiwa nzima, zikawa ndizo za kuziponya jirani zake. Kwa njia hiyo aliweza kutoa kipimo ambacho kingelitolewa kwa eneo zima kingeleta kidonda kisichofunga.

Baadaye zilipokuja mashine zenye nguvu, za kobalti tangu mwaka 1951 kule Kanada na nyinginezo baada yake, mionzi iliweza kuipita ngozi bila ya kuiumiza sana, na chekeche likasahauliwa. Aliyelifufua hasa ni tabibu wa Marekani aitwaye Mohammed Mohiuddin pamoja na wenzake, katika maandiko yao ya mwaka 1990 na 1999. Wao walikuwa na wagonjwa wa namna ile ile ya bibi yetu: uvimbe uliokwisha kuwa mkubwa mno, umekwisha kushindana na tiba nyingine, unauma na kubana. Waliweka mbele ya mashine bamba nene la madini lenye matundu yaliyopangwa sawasawa, wakatoa kwa siku moja kipimo cha grei 15 hivi, ambacho ni mara saba na zaidi kuliko cha siku ya kawaida. Kisha wengi wao wakaendelezwa na mionzi ya kila siku.

La ajabu ni kwamba uvimbe ulipungua hata katika zile sehemu zilizokuwa kivulini mwa bamba. Kwa nini? Wataalamu wanataja sababu kadha wa kadha, wala hawajamaliza kubishana. Husemwa kwamba chembe zilizopigwa hutoa sumu na ishara zinazowadhuru jirani zao. Kwamba mishipa ya damu inayoulisha uvimbe huharibika. Na kwamba kinga ya mwili, iliyokuwa imelala, huamshwa na mizoga ya chembe zilizokufa. Yamkini zote zina ukweli.

Mwaka 2010 Xiaodong Wu na wenzake wa Miami wakaendelea mbele. Wao hawakutaka tena mionzi mikali ipite kama fimbo tangu ngozini hata upande wa pili. Kwa mashine za kisasa zenye vipande vyembamba vya chuma vinavyofunga na kufungua kwa amri ya kompyuta, hukusanya mionzi mikali katika vidonge vidogo vidogo ndani ya uvimbe wenyewe, mbalimbali, mfano wa zabibu ndani ya mkate. Pembeni, karibu na nyama nzima, mionzi hubaki ya upole.

Hiyo ndiyo tiba ya chekeche. Ni elimu ya kweli, lakini haina muujiza, na hilo la "siku moja uvimbe umekwisha" halimo. Mara nyingi kusudio lake ni kupunguza uzito na maumivu, na kufungua njia ya upasuaji au mionzi ya kawaida. Vipimo vyake bado vinafanyiwa utafiti katika hospitali kubwa za ulimwengu. Kumwuzia ng'ombe mzee wa watu, ukamsafirisha hali anatoka damu, kwenda kutafuta kitu ambacho huenda akifika ataambiwa hakimfai, mimi siwezi kukuita wema.

Ama hapa petu, milango iko. Hospitali ya Bugando, ile ionekanayo juu ya kilima tangu ukiwa mbali majini, ilifunguliwa mwaka 1971, nayo ndiyo ya rufaa kwa mikoa ya Kanda ya Ziwa. Zamani mgonjwa wa saratani wa Mwanza aliyehitaji mionzi hakuwa na njia ila kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 1,000, akae huko kwa jamaa miezi miwili. Wengi waliipima nauli, wakarudi nyumbani kufa. Katika miaka ya 2010 India iliipa Bugando mtambo wa kobalti uitwao Bhabhatron, uliobuniwa na wataalamu wao wa nishati ya atomu wa Mumbai. Leo mtu wa Pasiansi hupanda daladala asubuhi, akapigwa mionzi, akarudi kupika chakula cha mchana. Nimewahi kusikia barazani mtu akinung'unika kwamba hospitali hiyo ni ya Kanisa. Ni kweli yaongozwa na Kanisa Katoliki kwa ushirikiano na Serikali. Na mapokezini pale nilihesabu kanzu na mabuibui mengi, wala hapana aliyeulizwa dini yake ila kwa ajili ya kuandikwa katika faili.

Kwa yale yanayohitaji mashine za kisasa zaidi, iko Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, katika jumba lile la Wajerumani la mwaka 1897 lililo mbele ya bahari. Taasisi hiyo iliundwa kwa sheria mwaka 1996, na mwaka 2018 ikafunga mashine za kuongeza kasi, zile zisizotumia jiwe la kobalti bali hurusha chembe za umeme kwa kasi kubwa mno zikagonga madini na kutoa mionzi. Tofauti yake ni hii: jiwe la kobalti hupungua nguvu yake nusu kila baada ya miaka mitano na kidogo, hata tiba ya dakika mbili ikawa ya dakika nne, mpaka libadilishwe, mashine ya umeme haipungui, lakini inataka umeme usiokatika na mafundi wa kuitunza. Kila moja ina udhia wake. Jirani zetu wa Uganda wanajua: mashine yao moja tu ya kobalti iliharibika mwaka 2016 isitengenezeke, na nchi nzima ikakaa bila ya mionzi mpaka mpya ilipozinduliwa mwanzoni mwa mwaka 2018.

Na kwa kuwa nimeitaja Uganda, yafaa nieleze kisa cha ziwa hili hili, kwani kinafundisha jambo ambalo watu wa nyumbani hawalijui. Mwaka 1957 daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Denis Burkitt, alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya yote mawili. Baadaye akaona mwingine, na mwingine. Akaandika khabari zake mwaka 1958, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu wakazunguka Afrika ya Mashariki na ya kusini yapata maili 10,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali ugonjwa huo unapatikana wapi. Wakaona ni wa watoto wa nchi za joto na mvua, kando ya maziwa na mabonde, si wa nyanda za juu zenye baridi. Uvimbe huo wa watoto ni katika zile zinazokua upesi kuliko zote: kwa siku moja au mbili huweza kuwa maradufu. Kampala wakati ule hapakuwa na mashine ya mionzi. Burkitt akajaribu dawa, na kwa watoto wengine uvimbe wa kutisha ukayeyuka kwa siku chache.

Basi ukubwa peke yake hauhukumu. Uko uvimbe mkubwa unaoyeyuka kwa dawa, na uko mdogo ulio mgumu kama jiwe la Bwiru. Ndiyo maana madaktari hukata kinyama kidogo wakakipima kabla ya kusema lolote. Wazee wetu husema kwamba donge likiguswa kisu hutawanyika. Neno hilo limewaua wengi. Lililolitawanya ni kule kukawia.

Nitaje na khofu nyingine nilizozikuta katika nyumba ile, maana ni za nyumba nyingi.

Mke wa mwana wa pili alikuwa amekwisha kutenga sahani na kikombe cha mkwewe, kwa kudhani mionzi itabaki mwilini mwake iwadhuru watoto. Si hivyo. Mionzi ya kutoka nje hupita kama mwanga wa taa, ukizima, imekwisha. Bibi akitoka chumbani mle aweza kumpakata mjukuu wake na kula naye sinia moja. Wale wanaowekewa mionzi ndani ya mwili, kama ifanywavyo kwa saratani ya shingo ya kizazi, huelezwa masharti yao hospitali.

Ya pili ni hiyo ya kuungua. Wakati wa kupigwa hapana maumivu, mgonjwa hulala kimya dakika chache. Baada ya majuma ngozi huweza kuwa nyeusi, kuwasha, hata kuchubuka, na mwili huchoka. Asipake mafuta ya kienyeji pale wala asifunge majani, amwonyeshe muuguzi.

Ya tatu ni alama. Mafundi huchora ngozini mistari ya wino ili kila siku mionzi ielekee pale pale, na mgonjwa huambiwa asiisugue. Bintiye akaniuliza kuhusu kuoga na udhu. Nikamjibu kwamba pajani si mahali pa udhu, na katika kuoga maji yapite taratibu bila ya kusugua. Aliye na alama au kidonda penye kiungo cha udhu na tabibu amemkataza maji, asiache sala wala asifute alama. Amwendee mwalimu wake, mlango wa kutayamamu haukufungwa. Kadhalika funga: mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake, na anayejikaza kufunga hali daktari amemkataza huyo hajifanyii ihsani.

Na sitara. Wanawake wengi hukawia kwa haya, khasa donge likiwa la titi au la chini. Inajuzu kumwomba muuguzi wa kike awepo, na aombwe kwa adabu bila ya ugomvi.

Turudi kwa bibi yetu. Kinyama kilipimwa, na picha za kifua zikapigwa. Daktari aliwaita wanawe wote watatu, akawaambia waziwazi kwamba ni saratani ya nyama za mguu, na kwamba imekwisha kupeleka mbegu mapafuni. Hakuwaahidi kupona. Alisema mionzi itatolewa kwa siku kumi, grei 3 kila siku, ili kuzuia damu na kupunguza maumivu. Yule wa tatu akauliza lile chekeche. Daktari hakumcheka. Akasema hilo lingepasa kufikiriwa mapema, donge lilipokuwa bado la pajani tu. Na kwa wanaotoka mbali wasioweza kuja siku nyingi iko njia nyingine, vipimo vinne kwa siku mbili, kisha kupumzika majuma matatu au manne na kurudia. Kijana akainamisha kichwa. Nadhani alikuwa akihesabu ile miaka miwili.

Nami nalihesabu. Bibi yule alikuwa akipita mbele ya chuo chetu kila Ijumaa, na niliona anachechemea, nikamsalimu tu.

Ndugu zangu, donge lolote lisiloondoka kwa majuma matatu, liume au lisiume, likionyeshwe kituo cha afya. Lisiloumiza ndilo la kuogopwa zaidi, maana haliwahimizi watu. Titi lililobadilika ngozi, damu ya mwanamke aliyekwisha koma hedhi, mkojo wenye damu, kidonda cha mdomo kisichofunga, taya la mtoto linalovimba na meno kulegea: hayo hayangoji mwandamo wa mwezi. Na ninyi vijana mnaosoma, waulizeni mama zenu kwa upole kwa nini wameanza kusali juu ya kiti.

Ninapoandika haya, bibi amemaliza siku ya tisa katika zile kumi. Donge bado liko, limepungua kidogo. Damu imekoma, na usiku hulala mpaka adhana ya Alfajiri. Bintiye humchukua kwa daladala, na yule mwana wa pili, aliyekuwa akiogopa moto, ndiye anayetoa nauli. Juzi nilikwenda kumjulia hali, nikamkuta ameketi barazani na mjukuu wake, wakila sinia moja. Aliniuliza dagaa wanauzwa bei gani sasa Mwaloni. Nilipomtajia, akasema wananidhulumu.